Kifua Kikibana, Tusingoje Kupambazuke

Ndugu zangu wa Kakamega, kabla sijasema lolote nina swali. Mtu wa nyumbani kwako akishikwa na maumivu makali ya kifua saa nane usiku wa leo, utampeleka hospitali gani, kwa gari la nani, na nani atabaki na watoto?

Usijibu upesi. Mwulize mwenzako aliye karibu nawe sasa hivi. Waulize na watoto wakubwa. Nyumba nyingi zikiulizwa hivyo, watu hutazamana kwanza. Kila mmoja anampenda mzee, kila mmoja yuko tayari kumbeba mgongoni ikibidi. Lakini hakuna mwenye namba ya jirani mwenye Probox, na hakuna aliyewahi kuuliza kama hospitali iliyo karibu ina mashine ya kupima moyo.

Hakuna wa kulaumiwa hapo. Hatukuzoea kulifikiria jambo hili. Uzazi tumejifunza kuupangia: mama akikaribia kujifungua, begi lake liko tayari nyuma ya mlango na kijana wa boda boda ameshaambiwa asizime simu usiku. Ninachowaomba leo ni kwamba kifua nacho tukipangie vivyo hivyo.

Kwa nini haraka hivyo?

Moyo unaosukuma damu mwilini kote nao unahitaji damu yake wenyewe, na unayo mishipa myembamba inayoulisha. Kwa miaka mingi mafuta hujikusanya kwenye kuta za mishipa hiyo bila mwenyewe kujua. Siku moja utando uliofunika mafuta hayo hupasuka, damu hukimbilia pale na kuganda kama inavyoganda kwenye kidonda, na njia inaziba. Nyama ya moyo iliyokuwa ikilishwa na mshipa huo inaanza kufa. Huo ndio mshtuko wa moyo.

Nyama hiyo haifi yote kwa mara moja. Huanza kufa baada ya nusu saa hivi, kisha uharibifu unaenea kwa saa kadhaa. Mwenye bustani ya sukuma wiki anayemwagilia kwa mfereji anaelewa: ukizibwa asubuhi jua likiwaka na ukazibuliwa mapema, mboga karibu zote zitainuka, ukizibuliwa jioni, nyingi zimeshakauka. Mgonjwa anayefika hospitali katika saa ya kwanza au ya pili bado ana moyo mwingi wa kuokolewa. Anayefika kesho yake adhuhuri, hata akipona, mara nyingi hurudi nyumbani na moyo uliochoka, miguu inayovimba, na pumzi inayokatika akipanda kilima kidogo tu.

Sasa tuulizane: tunaitambuaje hali hiyo?

Mara nyingi mtu husikia kifua kinabana katikati, kama amekaliwa na kitu kizito. Maumivu hayaishi kwa dakika moja au mbili. Yanaendelea dakika kumi, kumi na tano, zaidi. Huweza kupanda shingoni na kwenye taya, kushuka mkono wa kushoto au yote miwili, au kupenya hadi mgongoni. Mtu hutokwa na jasho baridi wakati hakuna joto. Wengine hutapika. Wengine huishiwa pumzi. Ukimgusa paji la uso, limelowa na ni baridi. Jasho hilo lisikupite.

Kuna wengine ambao kifua hakiwaumi kabisa. Kukhu (bibi) mwenye umri mkubwa, mtu mwenye kisukari, na mara nyingi akina mama, huweza kuja na uchovu wa ghafla usioelezeka, kichefuchefu, maumivu ya chembe cha moyo, au kukosa pumzi tu. Mama akisema, "Leo sijiskii kabisa, hata kuinua sufuria siwezi," na jana alikuwa shambani akipalilia mahindi, msikilizeni.

Hapa ndipo tunapopotezea muda mwingi. Maumivu yakianza chini ya kifua, sisi husema ni asidi. Tunasema ni vidonda vya tumbo, ni hewa, ni ugali wa usiku. Mtu hupewa maziwa baridi, akipata nafuu kidogo hulala, na watu wa nyumbani hulala. Naelewa kwa nini. Asidi tunaijua, haitutishi, na dawa yake iko kwa kemisti wa karibu. Nani anataka kuamsha kijiji kizima halafu ionekane ni gesi?

Amsheni, jamani. Ikiwa ni gesi, mtarudi nyumbani mkicheka na hakuna atakayewalaumu.

Tena si sisi tu tunaokosea. Mwaka 2019, katika idara ya dharura ya hospitali ya KCMC mjini Moshi, kwa jirani zetu wa Tanzania, watafiti waliwapima kwa makini watu wazima waliofika wakilalamika maumivu ya kifua au kukosa pumzi. Zaidi ya mmoja kati ya kila watano alikuwa na mshtuko wa moyo. Wengi wao walikuwa wamepewa jina la ugonjwa mwingine, na ndani ya siku thelathini takriban wanne kati ya kila kumi wenye mshtuko huo walikuwa wamefariki. Nawashukuru wauguzi na madaktari wa Moshi kwa kukubali kazi yao ipimwe na matokeo yatangazwe, kwa maana wametufundisha kitu ambacho hakuna aliyekiona kwa macho matupu: ugonjwa tulioambiwa ni wa Wazungu na matajiri wa mjini umekaa kwenye foleni zetu siku nyingi, ukiitwa kwa majina mengine.

Kwa hiyo ukifika hospitali, usiseme tu "tumbo linamsumbua". Sema kwa sauti inayosikika: "Kifua kinambana, kilianza saa fulani, na ametokwa jasho." Kisha uliza kwa heshima, "Daktari, anaweza kupimwa ECG?" Muuguzi wa zamu ana wagonjwa thelathini mbele yake usiku huo. Maneno hayo machache humsaidia kumwona mgonjwa wako kati ya wote. Kwa kawaida kipimo hicho cha ECG, kile cha mashine ya kupima moyo, kinatakiwa kifanywe ndani ya dakika kumi za mgonjwa kufika. Huchukua muda mfupi, hakiumi, na kinachohitajika ni mashine, jeli kidogo, karatasi yake, na mtu anayejua kuisoma. Asiyejua vizuri anaweza kuipiga picha na kuituma kwa simu kwa daktari bingwa aliye Eldoret au Kisumu.

Najua wengine watauliza: tukifika, kuna nini cha kutusaidia? Mashine kubwa za kupitisha waya ndani ya mshipa na kuuzibua ziko katika hospitali chache tu. Je, mtu wa Navakholo hana matumaini basi?

Anayo. Na hapa ndipo napenda tukae kidogo, kwa maana watu wengi hukata tamaa wakiwa bado nyumbani kwa sababu hawajui hili.

Mwaka 1988 matokeo ya utafiti mkubwa ulioitwa ISIS-2 yalitolewa. Wagonjwa zaidi ya 17,000 katika nchi 16 walikuwa wamegawanywa kwa makundi. Dawa zilizojaribiwa zilikuwa mbili tu. Moja ni aspirini, kidonge kilekile kinachouzwa dukani kwa shilingi chache. Nyingine ni streptokinesi, dawa inayoyeyusha damu iliyoganda, ambayo hupitishwa kwenye mshipa wa mkono kwa muda wa saa moja hivi. Kati ya kila watu 100 ambao hawakupata hata moja ya dawa hizo, 13 hivi walifariki kwa ugonjwa wa moyo na mishipa ndani ya wiki tano. Kati ya waliopewa zote mbili, walifariki 8. Aspirini peke yake ilipunguza vifo hivyo karibu kwa robo.

Hakuna chumba cha upasuaji hapo, wala mashine ya mamilioni. Ni dripu, kitanda, muuguzi anayemwangalia mgonjwa kwa karibu, na mtu aliyefika mapema. Dawa ya kuyeyusha damu hufaa ndani ya saa kumi na mbili tangu maumivu yaanze, na hufaa zaidi katika zile saa mbili tatu za mwanzo. Haipatikani kila hospitali, na si kila mgonjwa anaweza kupewa. Aliyewahi kuvuja damu kichwani, kwa mfano, haimfai. Hayo ni ya daktari kuamua. La kwetu ni kumfikisha mgonjwa wakati uamuzi huo bado una maana.

Aspirini nayo tuiongee kidogo. Mtu mzima mwenye dalili nilizozitaja, akiwa macho na anaweza kumeza, hutafuna miligramu 300 za aspirini mnapojiandaa kuondoka. Zile ndogo za miligramu 75 ambazo wengi hupewa kliniki, nne hutosha. Atafune, asimeze nzima, ili ifanye kazi upesi. Asipewe ikiwa mwili wake hukataa aspirini, ikiwa anatapika damu au anapata choo cheusi, au ikiwa mdomo umepinda na mkono umekosa nguvu, kwa maana hizo ni dalili za kiharusi. Panadol haifanyi kazi hii, hata kama inatuliza kichwa. Na mkimpa, mwambieni daktari mmempa ngapi na saa ngapi.

Mwenye duka la dawa, wewe ni mlinzi wetu wa kwanza. Mtu akija saa mbili usiku akishika kifua na kuomba dawa ya asidi, mtazame usoni kabla ya kuchukua pesa. Mwulize maumivu yalianza lini, mguse mkono uone kama una jasho. Ukimwambia, "Ndugu, hii nenda hospitali sasa, usiende nyumbani," utakuwa umepoteza mauzo ya kidonge kimoja na umempa mtu miaka.

Sasa tuje kwenye barabara. Kaunti yetu ina watu zaidi ya 1,860,000 kwa hesabu ya mwaka 2019, katika kaunti ndogo kumi na mbili, na si wote wanaokaa karibu na mjini. Hospitali ya rufaa ya kaunti iko mjini Kakamega. Mtu wa Lurambi au Shinyalu ataona ni jambo la dakika. Lakini wewe wa Likuyani na Lugari, je, umewahi kupima kama Eldoret iko karibu nawe kuliko Kakamega? Wewe wa Khwisero, unajua ni njia ipi inayopitika mvua ikinyesha? Wa Mumias wana hospitali ya misheni ya St. Mary's. Wengine wana hospitali za kaunti za Malava, Butere, Iguhu, Lumakanda. Iliyo karibu zaidi siyo lazima iwe inayofaa zaidi, ikiwa usiku haina ECG wala daktari wa zamu.

Ninaomba kazi moja ya nyumbani. Wiki hii, mkiwa mnapita mchana kwa shughuli zenu, ingieni hospitali mliyo karibu nayo na muulize: mnapima ECG usiku? Mna dawa ya kuyeyusha damu? Kama hamna, mnatupeleka wapi, na ambulensi inaitwa kwa namba gani? Muuguzi atafurahi kuulizwa na mtu asiye na haraka. Andikeni majibu kwa kalamu ya kuonekana, mbandike karatasi ukutani jikoni, karibu na ile kalenda ya kanisa au ya msikiti. Wekeni namba ya majirani wawili wenye magari, na ya Msalaba Mwekundu, 1199. Mtoto wa darasa la sita aweze kuisoma.

Mgonjwa mwenyewe asitembee kwenda barabarani, asipande ngazi, asiendeshe. Akae nusu, ameegemea, nguo za shingoni zimelegezwa. Gari ni bora. Ikiwa kuna boda boda tu, basi mtu mwenye nguvu akae nyuma yake amshike, kwa maana anaweza kuzimia njiani. Vijana wa stendi, nyinyi mnajua njia za mkato kuliko mtu yeyote katika kaunti hii. Mgonjwa wa kifua akipakiwa, bei tuizungumze baadaye.

Hilo la bei linanileta kwa jambo ambalo nimelifikiria sana kuliko mengine yote.

Sisi Waluhya, na majirani zetu tunaoishi nao, tunajua kumzika mtu. Habari ya msiba ikitangazwa asubuhi, kufikia jioni kundi la WhatsApp limeshafunguliwa, mweka hazina amechaguliwa, na orodha ya michango inapanda jina baada ya jina. Kwenye orodha utaona mtoto aliye Nairobi, shemeji aliye Mombasa, binamu aliye Qatar. Hema linapatikana, viti vinapatikana, ng'ombe anapatikana. Ni desturi nzuri, na siombi ipunguzwe hata shilingi. Mtu akilala, watu wake wanaonekana.

Lakini je, umewahi kuhesabu ni muda gani ulipita kati ya maumivu ya kwanza ya marehemu na gari kupatikana? Mara ngapi tumesikia kwamba mzee aliugua jioni, familia ikatafuta elfu tatu za gari hadi alfajiri? Watu walewale waliotoa laki mbili za mazishi walikuwa wamelala na simu zao, kila mmoja akiwa na mia mbili ambazo angezitoa kwa moyo mmoja kama angeamshwa.

Hakuna aliyewaamsha. Mwenye kuomba alikuwa na haya, hakutaka kusumbua watu usiku kwa ugonjwa usiojulikana.

Basi pendekezo langu ni hili, na nalisema kama mtu wa nyumba moja nanyi. Kila chama cha mazishi, kila kundi la akina mama, kila ukoo wenye mkutano wa Desemba, uweke kando kiasi kidogo kiitwe pesa ya gari la usiku. Zikae kwa simu ya mtu anayeaminika, tena wawe wawili, ili mmoja akisafiri mwingine yuko. Kanuni iwe moja tu: mtu akishikwa na kifua, au mama akishikwa na uchungu, au mtoto akipata degedege, pesa zinatoka kwanza, maswali baadaye. Dereva alipwe kabla hajauliza. Makubaliano na mwenye gari yafanywe mchana, bei ijulikane, ili usiku kusiwe na mabishano langoni.

Chama kisiombe cheti cha daktari kabla ya kutoa. Na ikionekana ilikuwa asidi, asichekwe mtu, asilipishwe. Bila sharti hilo la mwisho, watu wataanza tena kungoja kupambazuke.

Na tukumbuke kwamba Katiba yetu ya 2010, Kifungu cha 43, inasema mtu asinyimwe matibabu ya dharura. Kwa hiyo usibaki nyumbani kwa sababu huna pesa ya hospitali. Hata hivyo jisajilini katika bima ya afya ya SHA, iliyochukua nafasi ya NHIF Oktoba 2024. Unabonyeza *147# tu, na mtoto mwenye simu atamsaidia kuka (babu) na kukhu. Ni muhimu, kwa maana siku za kulazwa baada ya dharura huwa nyingi, nazo zina gharama.

Mtu akianguka mbele yenu, hajibu, na hapumui au anapumua kwa kukoroma kwa mbali, je? Msimmwagie maji. Msimkalishe. Mlazeni chali mahali pagumu, mmoja apige simu, mwingine apige magoti ubavuni mwake. Weka kiganja katikati ya kifua, kingine juu yake, nyoosha viwiko, bonyeza kwa nguvu hadi kifua kizame kama sentimita tano, kisha achia kirudi. Endelea hivyo mara 100 hadi 120 kwa dakika, bila kusita. Ni kazi ya kuchosha. Pokezaneni kila dakika mbili. Shule, kanisa, msikiti, kiwanda, soko, kila mahali pawe na watu wachache waliofundishwa na mkufunzi kwa mikono yao wenyewe. Waajiri, sheria ya usalama na afya kazini ya 2007 tayari inawataka muwe na sanduku la huduma ya kwanza. Aspirini iwemo, na awepo mtu anayejua kubonyeza kifua.

Haya yote ni ya usiku ule. Ya mchana, yaani ya kuzuia mshtuko usije, ni mepesi zaidi, na yanaanzia kwenye presha.

Mwaka 1929 daktari mmoja aitwaye Donnison aliandika kwamba katika hospitali ya Kavirondo Kusini, huku kwetu magharibi mwa Kenya, alilaza wagonjwa 1,800 hivi katika muda wa miaka miwili na hakukuta hata mmoja mwenye presha ya juu. Tazama tulikotoka. Utafiti mwingine uliotolewa mwaka 1990 uliwafuata vijana Waluo waliotoka vijijini kwenda kuishi Nairobi, ukaona presha yao imepanda katika miezi ya mwanzo tu ya kukaa mjini, na chumvi wanayokula imeongezeka. Damu yetu haikubadilika. Kilichobadilika ni sahani na mwendo wa siku.

Leo mji umetufuata hadi kijijini. Utafiti wa kitaifa wa 2015 ulikuta karibu robo ya watu wazima Wakenya wana presha ya juu, na zaidi ya nusu walikuwa hawajawahi kupimwa hata mara moja. Je, wewe ulipimwa lini?

Huhitaji kusafiri. Septemba 2023 wahudumu wa afya ya jamii walipewa mikoba yenye mashine ya kupima presha na ya kupima sukari. Dada huyo anayepita bomani na mkoba mgongoni ni mtu wa kijiji chako. Akibisha, mpe kiti, toa mkono. Baba anayesema hana wakati, akae dakika tano kabla ya kupimwa, asiwe ametoka kunywa chai wala kuvuta sigara. Namba zake ziandikwe. Zikiwa 140 juu au 90 chini, au zaidi, arudie siku nyingine, na zikibaki hapo aende kituoni.

Jikoni, akina mama na akina baba mnaopika, chumvi ya siku nzima kwa mtu mmoja isizidi kijiko kimoja cha chai, pamoja na ile iliyomo kwenye viungo vya pakiti. Mboga za likhubi na mrenda zikiiva na maziwa au karanga zina ladha yake. Ondoeni kopo la chumvi mezani. Mwenye kuvuta sigara, nakuomba kwa upendo, anza kuacha. Utafiti wa INTERHEART ulionyesha kwamba hapa Afrika sigara, presha, kisukari, kitambi na mafuta ya damu ndivyo vinavyoeleza karibu tisa kati ya kila kumi ya hatari ya mshtuko wa kwanza wa moyo. Yote matano yana la kufanywa.

Na yule aliyepona akarudi nyumbani? Tunamkaribisha kwa kuku, tunamshukuru Mungu, na baada ya miezi miwili dawa zimeisha na hakuna aliyezinunua tena. Utafiti wa PURE wa 2011 ulikuta kwamba katika nchi maskini wanane kati ya kila kumi waliowahi kupata mshtuko wa moyo au kiharusi hawakuwa wakitumia hata moja ya dawa za kuzuia usirudi. Dawa hizo ni za kila siku, za maisha. Mtu akijisikia vizuri ni kwa sababu anazimeza. Mwanawe aliye kazini badala ya kutuma sukari na mkate tu, anunue dawa za mwezi. Na anayekaa naye amwulize kila asubuhi, kwa upole, "Baba, umemeza?"

Limebaki jambo moja la wote kwa pamoja. Kaunti huita wananchi kutoa maoni kuhusu bajeti, wadi kwa wadi, na mara nyingi wanaohudhuria ni wachache, wakiomba barabara na taa. Barabara ni muhimu, ndiyo inayompitisha mgonjwa. Lakini mkutano wa wadi yako ukitangazwa tena, nenda na jirani mmoja. Ukipewa kipaza sauti, simama ueleze kwa adabu unakotoka, kisha uulize kama hospitali yenu ya kaunti ndogo ina mashine ya ECG inayofanya kazi, kama ina karatasi zake za mwaka mzima, na kama kuna streptokinesi katika orodha ya dawa zinazonunuliwa. Omba yaandikwe katika kumbukumbu za mkutano, na mwakani urudi na swali lilelile.